Vikoti vya Resista

Usiku ule Mama Foronya hakulala, wala hakujisumbua kujaribu. Aliketi kwenye kiti kilichoutazama mlango, shali mabegani, simu mapajani. Simu yenyewe ilikuwa imevaa kifuko cha kitambaa cha maua chenye kifungo, kwa hiyo kila alipotaka kuona kama kuna habari, ilimbidi kwanza aivue. Alikuwa ameivua na kuivisha hata kifungo kikalegea.

Binti yake alikuwa njiani, ndani ya gari la mwoka mikate, wakirudi na magunia ya unga kutoka kinu kilichokuwa ng'ambo ya mto. Walisema watafika kabla giza halijaingia. Giza liliingia, likakaa, likazoea, na gari halikuonekana. Simu ya binti ilikuwa haipatikani, na namba ya mwoka mikate hakuwa nayo.

"Baba Fundi," alimwita mumewe. "Umelala?"

"Nimelala," sauti ikajibu kutoka chumbani.

"Hiyo barabara ya kinuni ina kona nyingi?"

Mumewe alikuwa dereva wa lori kabla mgongo haujamgomea, na barabara zote alizijua kama mfuko wa shati lake. "Zipo," alisema.

"Za kulia au za kushoto?"

"Mke wangu, kona ya kulia ukienda ndiyo ya kushoto ukirudi. Lala."

"Kwa hiyo zinalingana."

"Zinalingana. Na kwenye kona dereva hawashi indiketa. Anawasha akitaka kugeuka, au akitaka kulipita gari jingine."

"Na mwoka mikate hupenda kupita magari?"

"Yule? Yule hupitwa na baiskeli."

Hilo lilimtuliza kwa muda wa kumeza mate tu. Maana jambo lililomkalisha macho halikuwa ubovu wa barabara, wala uzito wa unga, wala mwoka mikate. Ni taa za nyuma za gari lile, na kitu ambacho yeye mwenyewe, kwa mikono yake na kwa nia njema kabisa, alikuwa amekishona na kukificha nyuma ya taa hizo.

Mama Foronya alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini mtaa mzima ulikwisha kulisahau. Alikuwa fundi wa kushona vitambaa vya viti vya magari. Shule aliiacha mapema, akarithi cherehani ya shangazi yake, na tangu hapo amevalisha viti vya magari madogo, ya mizigo, hata trekta moja ambalo mwenyewe alitaka kiti cha zambarau. Kazi ya viti huacha mabaki: vipande vya velveti, ngozi bandia, sponji, kamba za lastiki. Mwingine angetupa. Yeye hakutupa hata kipande cha kufutia pua.

Basi kila kitu kilichokaa uchi mbele yake kilipata nguo. Redio ilivaa. Feni ilivaa msimu wa baridi. Birika lilikuwa na koti, mtungi wa gesi ulikuwa na gauni, rimoti ilikuwa na soksi. Asubuhi moja mumewe aliamka kutafuta meno yake ya bandia, akakuta bilauri aliyoyaweka imevalishwa sketi yenye marinda. Majirani walikuwa wakitaniana: ukienda kwa Mama Foronya usikae umetulia sana, atakupima.

Watu walidhani ni urembo. Haikuwa urembo, ilikuwa hofu. Binti yake alipokuwa ndiyo kwanza anatambaa, alilishika birika la chai kwa kiganja kizima, na kovu la siku ile lipo hadi leo, dogo kama jani, chini ya kidole gumba. Tangu hapo Mama Foronya hakuamini kitu chochote chenye moto. Cha moto kifunikwe, kizibwe, kivikwe kitambaa kinene, mtu apite salama. Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yake, na ilikuwa imewalinda watu wengi.

Mtoto yule wa birika alikua akawa fundi umeme wa magari, na mtaa ukamwita Fundi, basi, bila nyongeza. Wote wawili walifanya kazi kwenye banda la fundi umeme mkongwe, Mzee Waya. Banda lilikuwa na vyumba vitatu vilivyopangana. Cha kwanza alikaa Mzee Waya na betri zake. Cha pili, cherehani na viti vya Mama Foronya. Cha tatu kilikuwa kimefungwa tangu mshirika wa mzee alipohama, mlango wa bati ya bluu, na kufuli ambalo Mama Foronya alikwisha kulishonea kijaketi chenye zipu lisipate kutu.

Fundi alikitaka chumba kile. Alikuwa anafanyia kazi zake chini, kwenye turubai, jua likisogea naye anasogea. Lakini Mzee Waya alikuwa na sheria yake, aliyoirithi kwa aliyemfundisha, na hakuivunja kwa mtu yeyote. Fundi chipukizi hupewa kazi moja ya kwake peke yake. Akimaliza, anapanda gari alilolitengeneza na kwenda nalo safari yake ya kwanza. Kazi ikienda na kurudi bila kuguswa na bisibisi njiani, anapewa ufunguo. Ikiguswa, anarudi kwenye turubai hadi mwaka mwingine.

"Fundi wa kutengeneza na kukaa nyumbani ni wengi," mzee alikuwa akisema. "Mimi nataka anayekalia kazi yake."

Kazi aliyopewa Fundi ilikuwa gari la mwoka mikate. Mwoka mikate alikuwa amechoka na balbu za nyuma zinazoungua kila mara, akanunua taa za LED. Fundi akazifunga vizuri, akawasha indiketa, na taa zikaanza kupepesa mbiombio kama mtu aliyeingiwa na mdudu jichoni.

"Imeharibika?" Mama Foronya aliuliza kutoka kwenye cherehani. Alikuwa na kawaida ya kuiangalia kazi ya bintiye kwa jicho la pembeni, huku akijitia anatafuta uzi.

"Haijaharibika, mama. Flasha, kile kidude kinachopepesesha taa, imedanganyika. Balbu ya zamani ilikuwa inakula umeme mwingi. Hii ya LED inakula kidogo sana. Sasa flasha inaona huku nyuma hakuliki, inadhani balbu imekufa, ndiyo maana inapepesa haraka kumshtua dereva."

"Kwa hiyo utafanyaje?"

"Nitaweka resista. Itakaa sambamba na taa, itakula ule umeme uliokuwa unaliwa na balbu. Flasha itatulia."

"Na hiyo resista nayo inawaka?"

"Haiwaki."

"Inazungusha kitu?"

"Haizungushi kitu."

"Yaani inakaa tu pale, inakula."

"Inakula na kupata joto."

"Kama mjomba wako," Mama Foronya alisema, na Mzee Waya, aliyekuwa anakunywa chai chumba cha kwanza, akapaliwa.

Mzee akaja na kumwaga resista kwenye benchi. Zilikuwa za kila aina. "Chagua," akasema, kisha akafumba mdomo, mikono nyuma.

Kulikuwa na ndogo kama punje ya mahindi. Kulikuwa na nyeupe za udongo, ndefu kama chaki. Na kulikuwa na mbili za rangi ya dhahabu, zenye mbavu ubavuni na masikio mawili ya kupitishia skrubu.

"Chukua hiyo ndogo, mwanangu," Mama Foronya alishauri. "Haichukui nafasi."

"Hiyo itakaangika kabla hatujafika kwenye lami. Ni ya wati tano." Fundi aliandika kwa chaki sakafuni, akafuta, akaandika tena. "Balbu ilikuwa ya wati ishirini na moja, gari la volti kumi na mbili, kumi na tatu na kitu injini ikiwaka. Omu, yaani kipimo cha kuzuia umeme, zikiwa nyingi mno haitakula vya kutosha, flasha haitatulia. Zikiwa chache mno itakula kupita kiasi, tutaunguza fyuzi. Omu sita inatosha." Akazishika zile za dhahabu. "Na hizi ni za wati hamsini."

"Hesabu yako imetoa karibu thelathini," Mzee Waya alisema. "Hamsini ya nini? Unajitanua?"

"Thelathini ni siku njema, mzee. Mimi nachagulia siku mbaya."

Mzee akaguna. Kwa Mzee Waya, kuguna kulikuwa sawa na watu wengine kupiga vigelegele.

Fundi akazikaza resista kwenye bati la bodi, moja kila upande, mbali na plastiki na mbali na nyaya, akapaka dawa ya kupitisha joto chini yake. Akawasha indiketa. Tik, tak, tik, tak, polepole, kwa heshima. Baada ya muda akamwambia mama yake, "Usiguse hapo. Inaunguza kweli."

Hakujua ametamka nini, na kwa nani.

Kazi ya mwisho kwenye gari lile ilikuwa ya Mama Foronya: kushona na kufunga kitambaa kizito cha ndani, nyuma ya taa, ili magunia yasisugue bati. Fundi alikwenda kunawa. Mama Foronya akabaki peke yake na vile vitu viwili vya dhahabu, vya moto, vimekaa uchi, na kesho yake mwanawe angepakia na kupakua magunia pale pale kwa mikono yake mitupu. Akaliona lile kovu kana kwamba limewekwa mbele yake.

Akakata, akashona. Vikoti viwili, velveti nyekundu nje, sponji ndani, lastiki kiunoni. Vilikaa kama resista zimezaliwa navyo. Akafunga kitambaa juu yake, akakaza skrubu, akajisikia mwepesi kama mtu aliyemaliza kusali.

Gari liliondoka asubuhi. Jioni, kwenye chakula, akamsimulia mumewe, tena kwa madoido. Mumewe akaacha kutafuna.

"Umeivalisha resista?"

"Mbili."

"Koti?"

"La sponji. Lisipitishe joto."

Mume akacheka hadi akashika meza. Kisha, taratibu, kicheko kikamkauka usoni. "Mama Fundi, kile kitu kazi yake ni kutoa joto. Kimekaziwa kwenye bati kipumue. Ulichofanya ni kumfunika blanketi mtu mwenye homa, halafu ukakalia blanketi."

"Kitaungua?"

"Sponji ndiyo itakayoungua kwanza."

Hapo ndipo alipohamia kwenye kile kiti.

Alijipa moyo kwa hesabu zake mwenyewe. Resista inapata moto indiketa ikiwaka tu. Njia ya kinuni imenyooka. Mwoka mikate hapiti magari. Mambo yangeweza kuwa salama, alimradi tu wasigeuke sana. Akawaombea safari isiyo na kugeuka. Alinusa moshi mara kadhaa, akatoka nje kila mara, na kila mara ilikuwa ni jirani anayevuta sigara dirishani, ambaye mwishowe alimwambia kwa upole kwamba anakaribia kuacha.

Ndipo simu ikalia. Aliivua kwa meno.

"Mama Fundi," ilikuwa sauti ya mwoka mikate, imechangamka. "Usiwe na wasiwasi kabisa. Lori limezima darajani, foleni haisogei, tumekaa hapa tangu jua linazama. Simu ya binti imeisha chaji. Lakini tuko salama, tumewasha hazadi."

Mama Foronya akainuka kitini. "Hazadi ndiyo nini?"

"Indiketa zote mbili kwa pamoja, mama. Zinapepesa tangu jioni. Hazijachoka hata kidogo. Binti yako ni fundi, nakwambia."

"Zizimeni."

"Haloo?"

"Zimeni hizo taa, baba. Mwambie Fundi nyuma ya kitambaa kuna..."

"Mama, sikusikii vizuri. Halafu kuna harufu nzuri hapa, sijui nani anaoka nini usiku huu. Nitaku..." Simu ikakatika. Alipopiga tena, haikupatikana.

"Anasema kuna harufu nzuri," alimwambia mumewe, ambaye sasa alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, blanketi begani.

"Mwoka mikate huyo," mume alisema. "Kila kinachoungua yeye anaona kinaiva." Lakini hakurudi kitandani. Alivuta kiti akaketi karibu na mkewe, wakautazama mlango pamoja kama watu wanaotazama sinema mbovu.

Kulipopambazuka walikuwa tayari bandani. Mzee Waya alifika akiwa na ufunguo wa chumba cha tatu kwenye kamba shingoni. Mama Foronya akamwamkia, na kabla hajapata maneno ya kusema zaidi, gari la mwoka mikate likaingia uani, limejaa vumbi na unga, zima, magurudumu yote manne.

Fundi akashuka. Mama Foronya akamtazama mikono kwanza, kisha uso, kisha mikono tena. Ilikuwa mizima. Hapo akaketi juu ya tairi.

Mzee Waya hakusalimia mtu. Akazunguka nyuma. "Washa kulia." Tik, tak. "Washa kushoto." Tik, tak. "Hazadi." Zote mbili, polepole, kwa heshima. Akaguna. Akauweka mkono kwenye kamba ya ufunguo, kisha akainama, akachungulia skrubu za kile kitambaa cha ndani. Zilikuwa na mikwaruzo mipya.

"Bisibisi imepita hapa," alisema. "Umefungua njiani?"

"Ndiyo, mzee."

"Taa ziligoma?"

"Hazikugoma."

"Sasa ulifungua kwa nini?"

Fundi akatazama chini. Mfuko wa ovaroli yake ulikuwa umevimba, na upande mmoja ilichungulia velveti nyekundu. Alipoufungua ule mgongo wa gari gizani na kuviona vile vikoti, hakuhitaji kuuliza ni kazi ya nani. Mtu mwenye mshono ule alikuwa mmoja tu. "Nilitaka kuangalia tu, mzee," alisema.

"Sheria unaijua."

"Naijua."

Mzee akaurudisha ufunguo ndani ya shati. Mama Foronya aliona kamba ikiteremka shingoni kama mtu anayezamishwa. Mumewe alikohoa. Kikohozi kile walikuwa wamekaa nacho kwenye ndoa miaka mingi na maana yake ilijulikana: sema wewe, au nitasema mimi vibaya zaidi.

Akainuka kutoka kwenye tairi. "Mzee, ni mimi. Nilivivalisha."

"Ulivalisha nini?"

"Vile vitu vyake vya dhahabu. Alisema vinaunguza. Nikavishonea vikoti." Akaeleza yote, sponji, velveti, lastiki, na alipofika kwenye lastiki sauti ikawa ndogo sana. "Mtoto hana kosa. Kama ni turubai, nirudishe mimi. Nitashonea juani."

Mzee Waya akanyoosha mkono kwa Fundi. Fundi akatoa vikoti viwili. Velveti bado ilikuwa nyekundu na nzuri, lakini ndani sponji ilikuwa imegeuka kahawia na kukakamaa kama ukoko wa mkate. Mwoka mikate akachukua kimoja, akakinusa, akatikisa kichwa. "Ndicho hiki," alisema. "Na mimi nikasema mle nyuma mna mtu anaoka."

"Hazadi ziliwaka kwa muda gani?" mzee aliuliza.

"Tangu jua linazama hadi tuliposikia harufu, na baada ya hapo hadi lori lilipovutwa," Fundi alijibu. "Nilivua vikoti tu, mzee. Resista sikuzigusa."

Mzee Waya akaenda nyuma ya gari, akavuta kitambaa, akaziangalia zile resista mbili kwa muda mrefu. Akazitingisha kwa kidole. Hazikucheza. Akatafuta bati lililobabuka rangi, waya ulioyeyuka, hakuona.

"Ungechagua zile nyeupe za wati kumi," alisema bila kugeuka, "sasa hivi mwoka mikate angekuwa anaokwa, si anaoka."

"Ndiyo, mzee."

"Ulisema unachagulia siku mbaya." Akamtazama Mama Foronya, mguu hadi kichwa, kama mtu anayepima kitambaa. "Hukujua, Fundi, kama siku mbaya inakaa chumba cha pili na inamiliki cherehani."

Mume wa Mama Foronya aliangalia pembeni, mabega yakimcheza.

"Sheria inasema bisibisi isiguse kazi," mzee aliendelea. "Kazi ya fundi haikuguswa. Ilivuliwa nguo, hiyo ni habari nyingine, na mwenye nguo tumemwona." Akaitoa kamba shingoni, akampa Fundi. "Lakini wewe, mama, ukiingia kwenye chumba chake, mikono nyuma. Kama mimi."

"Mikono nyuma," Mama Foronya aliitikia, na papo hapo akaiweka nyuma, ijapokuwa walikuwa bado uani.

Wote wakasogea kwenye mlango wa bati ya bluu. Fundi alishika ufunguo, akasita. Kufuli lilikuwa ndani ya kijaketi chake, limefungwa zipu hadi shingoni, na zipu ilikuwa imeganda kwa vumbi. Akavuta, haikusogea. Akavuta tena. Wakamgeukia Mama Foronya kwa pamoja, na yeye akawaangalia mmoja mmoja, mikono bado nyuma, akingoja ruhusa.

"Haya, mama," Fundi alisema. "Livue."

Alilivua kwa mara moja, kwa ule ujuzi wake, akakikunja kijaketi na kukitia mfukoni. Fundi akazungusha ufunguo. Mlango ulinung'unika kwenye bawaba, ukakwama, mzee akauongezea bega, na ukafunguka.